Kung'arisha au Kupiga Rangi Upya: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari Mwanza

Katika gereji za Mwanza kuna makosa mawili yanayojirudia kuhusu rangi ya gari iliyochakaa. La kwanza ni la mwenye gari anayelipia kupigwa rangi upya bodi nzima, ilhali rangi ya kiwandani ilikuwa bado nzima chini ya ufubavu uliokaa juu juu. La pili ni la yule anayepigisha polishi bodi ambayo klia yake, tabaka angavu la juu ya rangi, imekwisha: gari linang'aa siku ya kulichukua, na baada ya mvua mbili tatu mabaka yanarudi, mara nyingi yakiwa makubwa kuliko awali.

Makosa yote mawili yanazuilika kwa vipimo unavyoweza kuvifanya mwenyewe nyumbani kabla hujamkabidhi fundi malipo ya awali. Jambo la msingi ni kwamba uamuzi haufanywi kwa gari zima mara moja. Unafanywa kipande kwa kipande: paa peke yake, boneti peke yake, kila mlango peke yake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Ndoo mbili, shampuu ya gari na vitambaa laini vya maikrofaiba.
- Udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari.
- Tepu ya karatasi, ile ambayo mafundi rangi huzibia vioo na raba.
- Kampaundi laini (dawa ya kusugulia rangi) kiasi kidogo, pamoja na kitambaa cheupe cha pamba.
- Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa chepesi ili isikwaruze.
- Tochi yenye mwanga mkali. Taa ya simu inatosha.
- Kipimo cha unene wa rangi, kama unaweza kukiazima. Baadhi ya wakaguzi wa magari yaliyotumika wanacho.
- Daftari, na kadi ya usajili wa gari.

Tenga nusu siku, na ufanye kazi kivulini asubuhi wakati bodi ni ya baridi. Kampaundi ikipakwa kwenye bati lililochomwa na jua hukauka kabla ya kufanya kazi, na majibu utakayoyapata yatakupotosha.

## Elewa kwanza kinachopungua

Magari mengi yana tabaka tatu juu ya bati: praima (rangi ya msingi inayoshika bati), rangi yenyewe, na klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi ambalo ndilo linalotoa mng'ao na kuzuia jua. Kwa gari la kiwandani, tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Polishi haiongezi chochote. Inakata sehemu ndogo ya juu ya klia ili kuondoa mikwaruzo na ufubavu, kisha inaacha uso ulio laini. Kama klia ipo, utapata mng'ao wa kweli. Kama imekwisha au imeachana na rangi, hakuna mashine wala dawa itakayoirudisha, kwa kuwa kilichokosekana ni tabaka lenyewe.

Hapa kwetu adui mkubwa wa klia ni jua. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta na mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua la mchana linapiga wima juu ya paa na boneti mwaka mzima. Ziwa letu ni la maji baridi, wala halileti hewa ya chumvi inayokula magari ya Tanga au Dar es Salaam. Ndiyo maana gari la Mwanza mara nyingi lina paa lililoungua na milango iliyo salama kabisa, na ndiyo maana kulipaka rangi lote mara nyingi ni kutupa kitu kizuri.

## Hatua ya 1: Osha, kisha ondoa kilichoganda

Osha gari kwa ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye bodi. Usioshee ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na zaidi ya hapo kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya ufukweni hubeba chembe za mchanga zinazochora klia kwa kila mfuto.

Ukishakausha, pitisha kiganja juu ya boneti. Ukihisi chembechembe, lowesha sehemu hiyo kwa maji ya shampuu na uisugue taratibu kwa udongo wa kusafishia rangi, ukiukunja udongo kila unapochafuka. Udongo ukianguka chini, utupe. Mchanga ulioshika hautoki tena.

Umefaulu ikiwa kiganja kinateleza bila kukwama. Baadhi ya magari huonekana hayahitaji kazi nyingine kubwa baada ya hatua hii, hasa yale yanayopita kila siku kwenye barabara za vumbi za pembezoni mwa jiji wakati wa kiangazi.

## Hatua ya 2: Tambua aina ya rangi yako

Tafuta kibati cha utambulisho wa gari, ambacho kwa Toyota nyingi kutoka Japani kiko ndani ya boneti kwenye ukuta wa injini au kwenye nguzo ya mlango. Msimbo wa rangi umeandikwa karibu na herufi C/TR. Uandike kwenye daftari. Msimbo 040, nyeupe ya kawaida, mara nyingi ni rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Msimbo 1F7 ni fedha yenye chembe za metali, na 070 ni nyeupe ya lulu inayopigwa kwa tabaka tatu. Hizi mbili za mwisho ni ngumu kulinganisha ukipaka kipande kimoja tu, kwa hiyo sababu ya kulinda rangi ya kiwandani ni kubwa zaidi.

Kisha fanya jaribio la kitambaa cheupe. Anzia sehemu iliyojificha jua, kwa mfano chini kabisa ya mlango wa nyuma: paka tone la kampaundi, sugua mara ishirini hivi, uangalie kitambaa. Kikishika rangi ya gari, gari ni la tabaka moja. Kikibaki bila rangi, lina klia. (Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi, vinginevyo hutaona kitu.)

Sasa rudia jaribio hilo hilo juu ya paa. Kama chini ya mlango kitambaa hakikushika rangi na juu ya paa kinashika, maana yake klia ya paa imekwisha na unasugua rangi yenyewe. Acha hapo hapo. Paa hilo halipigwi polishi tena.

## Hatua ya 3: Soma uchakavu kwa macho

Hatua hii ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote.

Anza na onyo: usilihukumu gari likiwa limelowa. Maji hujaza mikwaruzo, na hufunika pia ukungu mweupe wa klia iliyokufa, kiasi kwamba hata bodi iliyoharibika kabisa huonekana nzuri. Mafuta na dawa nyingi za kung'arisha zinazopakwa kwa mkono hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Kagua gari likiwa kavu, kwanza kwenye mwanga wa jua, kisha kivulini kwa tochi iliyolazwa karibu na bodi.

Ufubavu ulioenea sawasawa. Rangi imepauka lakini haina mipaka, na uso ni laini. Hii ni dalili nzuri. Polishi huisaidia mara nyingi, hasa kwa rangi ya tabaka moja.

Mikwaruzo myembamba ya mviringo. Ukimulika tochi, inaonekana kama imezunguka mwanga. Hutokana na uoshaji wa kitambaa kichafu, na kwa kawaida iko juu ya klia tu.

Alama za kinyesi cha ndege. Anayeegesha karibu na mwalo wa samaki wa Kirumba, ambako korongo hawakosekani, anazifahamu vizuri. Kinyesi kikikauka juani, klia iliyolainika kwa joto hujikunja kukizunguka na kuacha kovu lenye kingo. Kovu la juu juu hutoka kwa polishi. Lililozama hadi ukucha unaingia halitoki lote, na fundi mwaminifu atakuambia utabaki na kivuli chake.

Mabaka meupe yenye mipaka. Angalia ukingo wa baka kwa karibu sana. Klia iliyoachana na rangi huwa na ukingo ulionyanyuka kidogo, mweupe, mkavu, unaobanduka kama ganda la kitunguu ukiugusa kwa ukucha. Ndani ya baka rangi ni kavu isiyo na mng'ao, na nje yake bado inang'aa. Ukiona ukingo huo, kipande hicho ni cha rangi, hata kama baka lina ukubwa wa kiganja tu, kwa sababu klia inayolizunguka imeshaanza kuachia.

Malengelenge na kutu. Kutu huanzia chini ya rangi. Tafuta vidonda vya mawe kwenye ukingo wa mbele wa boneti, hasa kama gari husafiri barabara ya Shinyanga nyuma ya malori, na tafuta uvimbe kwenye kingo za bodi zinazozunguka matairi ya nyuma na chini ya milango. Polishi haina nafasi hapa.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwa ukucha, tepu, sumaku na kipimo

Pitisha ukucha kwa kukatiza mkwaruzo. Ukiteleza, mkwaruzo huenda ukatoka. Ukinasa, ni wa kina, na kuufuta wote kutamaliza klia ya eneo hilo.

Bandika tepu ya karatasi karibu na ukingo wa baka lolote unalolitilia shaka, ikandamize vizuri, kisha ivute kwa haraka. Vipande angavu vikishika kwenye gundi, klia imeachia. Usifanye hivi katikati ya kipande kizima kilichopakwa rangi hivi karibuni.

Sumaku inakuonyesha puti, yaani kijazio ambacho mafundi huzibia mabonde ya bati. Ipitishe milangoni na kwenye fenda: ikishika kwa nguvu sehemu moja na kulegea sehemu nyingine ya kipande hicho hicho, kuna puti chini ya rangi. Bampa ni la plastiki, hivyo haliwezi kushika.

Ukipata kipimo cha unene, pima sehemu tano za kila kipande na uandike. Kati ya mikroni 90 na 150 ni dalili ya rangi ya kiwandani. Kuanzia 200 hivi kipande kilishawahi kupakwa, na zikifika mia kadhaa kuna puti. Zikiwa chini ya 80, chukua tahadhari kubwa: huenda gari lilishapigwa polishi nzito huko lilikotoka, na akiba ya klia ni ndogo. Kumbuka kwamba kipimo husoma tabaka zote kwa pamoja. Hakiwezi kukuambia klia peke yake ina unene gani.

## Hatua ya 5: Fanya kipande cha majaribio

Hili ndilo jaribio linalotoa hukumu, na ndilo ambalo karibu kila mtu hulikwepa. Kwenye sehemu mbaya zaidi ya boneti ambayo haijabanduka, zungushia tepu mraba wa sentimita 30 kwa 30. Paka kampaundi kidogo, sugua kwa mizunguko midogo kwa dakika tano, futa. Kisha futa tena kwa kitambaa chenye spiriti, ili kuondoa mafuta ya kampaundi yanayoweza kukudanganya. Bandua tepu.

Umefaulu ikiwa unaona mstari wazi kati ya ndani na nje ya mraba, na umbo la tawi au nguzo ya umeme linaakisiwa ndani yake likiwa na kingo kali. Umeshindwa ikiwa ndani ya mraba bado kuna mabaka meupe, au kampaundi imenasa kwenye nyufa ndogo ndogo zilizotawanyika. Nyufa hizo haziondolewi kwa polishi ya mkono wala ya mashine.

Acha mraba huo juani kwa siku tatu, uoshe, uangalie tena. Mng'ao uliobaki ni wa kweli.

## Hatua ya 6: Toa uamuzi

Andika kila kipande kwenye daftari na uweke mojawapo ya maneno matatu: *polishi*, *rangi* au *acha*. Kipande kilichofaulu mraba wa majaribio ni cha polishi. Chenye ukingo ulionyanyuka, malengelenge, kutu, nyufa au kitambaa kilichoshika rangi mahali pasipotakiwa ni cha rangi. Chenye unene mdogo lakini kinachopendeza ni cha kuachwa, kipakwe waksi tu.

Kwa gari la kawaida la hapa, matokeo mara nyingi yatakuwa mchanganyiko: paa na boneti kwenda kwa fundi rangi, milango na fenda kung'arishwa. Ushauri wangu ni kwamba usikubali kushawishiwa kupaka milango mizima ya kiwandani kwa hoja ya "ili ifanane". Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi kabla vioo na raba havijawekwa, na hakuna gereji inayoweza kurudia hilo kwenye gari lililokamilika. Ulinganifu ni kazi ya fundi mzuri.

Usibadilishe rangi ya gari kwa sababu tu unapaka. Rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili, na ukiibadilisha unalazimika kurekebisha taarifa hizo TRA.

## Hatua ya 7: Ukienda kwa fundi wa polishi

Mwonyeshe mraba wako, na umwombe afanye wake wa pili kwa mashine kabla mkubaliane bei. Anayekataa, mwache.

Akubaliane nawe kwamba ataziba raba na plastiki nyeusi kwa tepu, ataanza na kampaundi laini na kwenda kwenye kali pale tu inapohitajika, na atazikwepa kingo na mikunjo ya bodi. Huko klia huwa nyembamba, na mashine ya mzunguko mmoja ikitulia sekunde chache inaweza kufika kwenye praima.

Kataa kabisa gari zima kupigwa msasa wa maji. Msasa namba 2000 au laini zaidi una nafasi kwenye kovu moja au mchirizi mmoja. Ukipita gari zima, mng'ao utakuwa mkubwa, na umri wa klia utakuwa umekatwa.

Mwishoni bodi ifutwe kwa spiriti, ukaguliwe uso mtupu, ndipo waksi ipakwe.

## Hatua ya 8: Ukienda kwa fundi rangi

Hapa uharibifu hutokea kabla ya bunduki ya rangi kuwashwa. Klia mpya haipulizwi juu ya klia inayobanduka. Tabaka la zamani lazima lisuguliwe hadi mahali penye mshiko, la sivyo jipya litabanduka pamoja na la zamani. Omba kuliona gari baada ya msasa na kabla ya praima, na upige picha. Kutu ionekane imefika kwenye bati safi. Puti isiwekwe juu ya kutu.

Rangi ichanganywe kwa msimbo wa kwenye kibati, kisha ipulizwe kwanza kwenye kadi na kulinganishwa na gari juani, kwa kuwa jua la Japani na la Mwanza vimeshaibadilisha rangi yako. Kwa fedha na lulu, fundi aififishe rangi hadi ndani ya kipande jirani, kisha apige klia kipande hicho chote. Akisimama kwenye mpaka wa fenda na mlango, tofauti itaonekana kutoka mbali.

Dai klia inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Isiyo na hadina hukauka haraka na ni ya bei rahisi, lakini petroli ikiidondokea hulainika na jua letu huichosha mapema.

Chagua mahali na wakati. Upulizaji wa uwanjani jioni karibu na ziwa huvuta wadudu wadogo wa ziwani kwenye taa na kwenye rangi mbichi, na masika unyevu hufanya rangi iwe na ukungu mweupe. Kama hakuna chumba kilichofungwa, afadhali asubuhi tulivu isiyo na mvua, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kutuliza vumbi.

Hatari: Hadina ya klia ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Fundi avae kifaa cha kupumulia kinachofaa, na wewe na watoto msikae karibu wakati wa kupuliza.

## Hatua ya 9: Siku ya kulichukua gari

Nenda mchana. Omba gari lioshwe kwa shampuu mbele yako, likaushwe, kisha lizunguke ukiwa na daftari lako. Kwa polishi, mulika tochi na utafute vivuli vya mashine vinavyocheza kama upinde. Vikiwepo, hatua ya mwisho ya kulainisha haikufanyika. Kwa rangi, tafuta michirizi, vumbi na wadudu walionaswa, na upime tena unene kama una kipimo. Angalia pia raba za milango: rangi iliyokaa juu yake itaanza kubanduka hapo kwanza.

Rangi mpya isipakwe waksi kwa siku 30 za mwanzo, kwa kuwa vimiminika vilivyobaki ndani yake bado vinatoka. Kwa muda huo ioshe kwa maji na shampuu tu, usiifunike kwa turubai, na ukikuta kinyesi cha ndege kilaze chini ya kitambaa chenye maji kwa dakika chache kabla ya kukiondoa bila kusugua.

Dhamana iandikwe kwenye risiti, ikitaja vipande vilivyofanyiwa kazi na muda wake. Bakiza sehemu ya malipo, kwa makubaliano, hadi wiki ya pili, na siku hiyo rudia jaribio la tepu kwenye kingo za paa na boneti vilivyong'arishwa. Vilivyopakwa rangi vikague kwa macho tu mpaka siku 30 ziishe.